Yaya Yangu na Mapolisi wa Kihindi

Yaya yangu alikuwa na miaka kumi na minne alipotangaza kwamba atakuwa polisi. Kwetu Kasongo, yaya ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike. Wangu alikuwa wa kiume, mwembamba, mwenye masikio makubwa, na sikuwahi kumwona akimpiga mtu. Mama alikuwa anapakua wali. Akasimamisha mwiko hewani.

"Polisi wa wapi?" aliuliza.

"Polisi tu. Wa kukamata wabaya."

Mama akamtazama, kisha akaendelea kupakua. "Basi uende Uhindi," alisema. "Hapa sijamuona."

Alijua wazo lile lilikotoka. Nyuma ya soko kulikuwa na nyumba ya udongo yenye bati, madirisha yake yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na ndani televisheni moja juu ya meza ndefu. Tuliiita video, basi. Jumapili baada ya misa, kuanzia saa nane mchana, walionyesha filamu za Kihindi. Mabinti wengi walipenda zile za mapenzi, ambapo mwanamke anaimba mlimani na mtandio wake unapepea. Mimi na yaya tulitaka zile za mapolisi, na tulifika mapema kukalia benchi la mbele.

Siku hizi, nikiwa na walimu wenzangu, nazicheka filamu hizo kama wanavyozicheka wao. Lakini nikiwa peke yangu siwezi kuzicheka, kwa sababu nakumbuka zilivyotufanya. Zilianza karibu zote namna moja. Kuna soko, kuna bibi kizee anayeuza mboga, na kuna wanaume wanaoshuka kwenye gari kubwa jeusi. Wanapindua meza. Wanakanyaga nyanya. Bibi anapiga magoti, na watu wote wa soko wanatazama chini. Ndani ya video, mama zetu waliotoka kuuza mihogo na samaki walinyamaza kimya, kwa maana soko lile walilijua. Walikuwa wamewahi kutazama chini, nao.

Kisha inasikika ngoma. Gari la polisi linakuja na vumbi lake, linasimama, mlango unafunguka, na kiatu kimoja kinakanyaga ardhi. Kiatu tu. Hatujaona uso bado, lakini nyumba nzima imeshapiga kelele. Halafu anatoka polisi mwenyewe, na masharubu yake, na anatembea polepole. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko mapigo yote yaliyofuata. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mbaya wa kwanza akirusha ngumi, polisi anaikamata kwa vidole viwili kama mtu anayepokea kikombe cha chai. Wa pili anapigwa teke, anapasua ukuta, anapita katikati ya mkokoteni wa machungwa na kuangukia ndani ya pipa la maji. Sisi tunaruka juu ya mabenchi.

Hakuna aliyejua Kihindi. Mwenye video ndiye aliyetutafsiria, naye alikuwa anabuni, tulijua. Alituambia mbaya yule amechukua mashamba ya watu wa upande wa Lusangi, na kwamba polisi amekataa mbuzi aliyeletewa ili afumbe macho. Kwenye mbuzi watu walicheka kwa nguvu sana.

Siku moja, tukirudi nyumbani, nilimwambia yaya kwamba mtu hawezi kupasua ukuta kwa mgongo wake akabaki mzima.

"Najua si kweli," alijibu. "Mimi siangalii ukuta. Naangalia uso wa yule bibi. Polisi akifika, uso wake unabadilika. Hujaona?"

Sikuwa nimeona. Jumapili iliyofuata niliangalia, na kweli ulibadilika.

Alimaliza shule, akaondoka kwenda mafunzo, akarudi na sare iliyomzidi mabegani. Mama aliifua, akainyoosha kwa pasi ya makaa, na nilimwona akijipangusa macho kwa pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga, akidai ni moshi. Yaya alivaa, akatoka kwenda sokoni. Nilimfuata kwa nyuma. Alitembea polepole, kimakusudi, na watoto wa jirani walipomuona wakaanza kupiga ile ngoma kwa midomo yao, dum, dum, dum, hadi wauzaji wa vitambaa wakasimama kutazama. Masikio yake yalikuwa yamejaa furaha. Sina namna nyingine ya kusema. Nafikiri ile ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote za kazi, na ilikuwa siku ya kwanza.

Wakampeleka Kabambare, katika kijiji kilicho mbele ya Wamaza ambacho sitakitaja, ambako barabara ina upana wa pikipiki moja. Alioa huko. Kila mwaka aliahidi kuja, kila mwaka hakuja. Mimi nilikuwa mwalimu Kasongo, nina watoto wangu, na tukawa watu wa kusalimiana kwa simu pale mtandao ulipokubali.

Kisha, miaka michache iliyopita, wifi yangu akajifungua mtoto wa pili, na kwa kuwa miguu ya Mama haikukubali tena pikipiki, nikatumwa mimi wakati wa vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule. Nilichukua sabuni, nguo za mtoto na mchele wa kwetu. Safari ilikuwa ya siku mbili. Nililala Wamaza. Penye madaraja ya magogo dereva aliniambia nishuke nivuke kwa miguu, na mimi nilishuka hata pale asiponiambia.

Kituo cha polisi kilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, meza moja, benchi moja mlangoni na mlingoti wa bendera. Mapolisi walikuwa wanne kwa jumla, lakini komanda wao alikuwa ameitwa kwenye mkutano mbali na pale, na mkutano huo ulikuwa na wiki tatu sasa. Walibaki watatu na bunduki mbili. Ndani, pikipiki isiyo na tairi la nyuma iliegemezwa ukutani, na kuku wa jirani alikuwa ametaga chini yake.

Yaya alikuwa amebadilika. Hakuwa mkali wala mlevi, mambo ambayo Mama aliyaogopa. Alikuwa ameshusha sauti. Alizungumza kama mtu aliye karibu na mgonjwa. Watu walimsalimia kwa heshima, lakini niliona kwamba matatizo yao waliyapeleka kwa mzee wa kijiji, si kwake. Alipewa kesi za baiskeli na za mbuzi walioingia shamba la mtu. Mchana alichaji simu kwa kibao cha jua, jioni akaweka filamu, na familia nzima ikakusanyika juu ya kioo kidogo kama kiganja. Walikuwa mapolisi walewale, wenye masharubu yaleyale. Nikafurahi kuona bado anacheka.

Siku yangu ya nne pale, asubuhi, nilikuwa kituoni nimemletea yaya viazi vya kuchemsha, tuliposikia watu wanakuja mbio. Walikuwa wengi, labda thelathini, na mbele yao mzee mmoja mwenye kofia nyeupe mkononi. Alikuwa anapumua kwa shida. Watu walioamka mapema kwenda soko la Lusangi na madumu yao ya mawese walikuwa wamesimamishwa njiani na watu wenye silaha waliotoka porini. Mizigo yote ilichukuliwa. Wengi waliambiwa warudi, lakini sita walichaguliwa kubeba. Mmoja wao alikuwa binti wa mzee huyu, binti wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa anasomea unesi.

"Komanda," mzee alisema, ingawa yaya hakuwa komanda. "Wamemuchukua mutoto wangu."

"Wapi, baba?"

"Pale kijito cha pili. Sasa hivi. Mizigo iko mizito, hawawezi kukimbia nayo. Ukitoka sasa utawakuta."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi. Labda kumi na mbili."

"Wenye bunduki?"

"Kila mutu na yake."

Yaya aligeuka akawatazama wenzake. Mmoja alikuwa anatazama ndala zake za plastiki. Mwingine alitazama mlingoti.

"Baba," yaya alisema polepole, "sisi tuko watatu. Bunduki iko mbili."

"Mbili iko muzuri," mzee alijibu. "Hata moja. Wakikuona na manguo ya serikali wataogopa."

Nje watu walikuwa wanamtazama yaya yangu, na mimi nilijua jinsi wanavyomtazama, kwa sababu niliwahi kuketi kwenye benchi la mbele. Walikuwa wanangoja asimame.

Yaya alisema, "Tutaandika."

Akafungua droo. Hapakuwa na karatasi. Akafungua ya pili, ilikuwa na kamba na betri za zamani. Nilikuwa na daftari langu la kutayarishia masomo mkobani, nikachana kurasa mbili za katikati nikampa. Aliketi, akaandika tarehe. Kalamu ilitoboa karatasi. Akaiweka chini, akaisukuma kwangu bila kuinua macho.

"Mudogo wangu, andika wewe. Mwandiko wako unasomeka."

Basi niliandika mimi. Nimeandika mambo mengi ubaoni maishani mwangu, lakini sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu kama ule. Mzee alisimama mbele ya meza, akazungumza nami kama mtu anayemwagiza mtoto dukani, jambo moja baada ya jingine, asisahau.

"Andika jina lake lote. Andika amevaa kikwembe cha manjano chenye samaki. Nywele ameshasuka. Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Andika ana kovu hapa." Alionyesha kiwiko. "Andika hajui kuogelea. Huko mbele iko Luama. Wakimuvusha Luama wamushike mukono."

Kalamu yangu ilisita. Nilijiuliza naandikia nani. Nani atasoma ukurasa huu wa daftari la darasa la nne, na akishausoma amshike nani mkono? Nilimtazama yaya. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaandika: hajui kuogelea, wakivuka mto ashikwe mkono. Mzee akaniomba nimsomee. Nikasoma yote toka juu hadi chini, naye akatikisa kichwa kwa kila sentensi. Kisha akaweka kidole gumba.

"Sasa munatoka?" aliuliza.

"Sasa tunapeleka barua Wamaza," yaya alisema. "Kwa wakubwa wetu, na kwa jeshi."

"Nani anapeleka?"

"Pikipiki ya kwanza itakayopita."

Mzee aliitazama karatasi. Akaitazama barabara, ambayo haikuwa na pikipiki yoyote, kwa sababu nani angepita siku ile? Alitoka akaketi kwenye benchi la mlangoni, akaiweka kofia juu ya goti. Watu wengine walianza kuondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana yaya. Ningependa wamtukane, ningependa hata mmoja arushe jiwe kwenye bati. Waliondoka tu, wakizungumza kwa sauti ya kawaida, kama watu waliokuta duka limefungwa.

Yaya alipanda mlimani kutafuta mtandao. Aliporudi alisema amempata mtu, na mtu huyo amesema wameelewa, wasubiri.

Nyumbani hakula. Wifi yangu alimwekea maji ya kuoga yakapoa. Nilikuwa nimeketi mlangoni na mtoto mchanga magotini, na yaya akaja akasimama karibu yangu.

"Ungetaka niende?" aliuliza.

"Hapana," nilisema.

Nilisema haraka mno. Bado naona aibu kwa haraka ile. Nilitaka binti wa yule mzee aokolewe, lakini aokolewe na yaya wa mtu mwingine. Yeye alielewa, nadhani. Aligusa kichwa cha mtoto, akaingia ndani.

Kesho yake mmoja wa wale mapolisi aliondoka kwa miguu kwenda Wamaza, barua ameificha ndani ya soksi. Mzee alikuwa benchini tangu alfajiri. Wifi yangu alimpelekea ugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, akashukuru, akala kidogo. Kila mtu aliyetokea kwenye kona ya barabara, mzee alinyanyua kichwa, na ndani ya kituo yaya naye alinyanyua kichwa.

Siku ya tatu tangu wale sita wachukuliwe ilikuwa siku ya soko la pale kijijini. Nilidhani hapatakuwa na soko. Lakini watu wanakula kila siku, na asubuhi mama wachache walitandika magunia yao, wakaongezeka. Alikuja pia mtu mmoja aliyekuwa akizunguka masoko ya huko na televisheni na jenereta ndogo kwenye baiskeli. Alikodi banda la kukaushia mpunga, akazungushia mikeka. Nje akatundika ubao wenye picha aliyoichora mwenyewe kwa rangi: polisi wa masharubu, bunduki kila mkono, na moto nyuma yake.

Nilimwambia wifi yangu kwamba leo hakuna atakayeingia humo. Ilipofika saa tisa mchana hapakuwa na pa kuweka mguu.

Nilipita pale na yaya, tukirudi kutoka kununua chumvi. Alikuwa kwenye sare. Kupitia nafasi kati ya mikeka niliona benchi la pili, na kwenye benchi la pili nikaona kofia nyeupe juu ya goti. Mzee alikuwa mle. Pembeni yake waliketi wanawake wawili kati ya wale waliorudishwa njiani. Nilisimama. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Sijui nilichofikiri, ila nilijikuta nimempa yaya chumvi, nimeinama, nimeingia, na mtu amenisogezea nafasi nyuma kabisa ya mzee.

Filamu ilikuwa imefika katikati. Wabaya walikuwa wameteka basi zima na abiria wake wakalipeleka jangwani. Baba mmoja mwenye mvi anakimbia hadi kituo cha polisi, anaanguka mlangoni. Kituo hicho kina simu tano na feni juu. Baba anasema maneno machache kwa Kihindi, na mwenye baiskeli, ambaye ndiye aliyetafsiri, anasema, "Wamemchukua mtoto wake." Polisi yuko mezani, anakunywa chai. Anaweka kikombe. Anasimama. Anachukua kofia, anaivaa, anatoka nje, na ngoma inaanza.

Banda zima likasema "Haaa!" kwa pamoja, kwa sauti ya chini, kama watu waliotuliwa mzigo.

Mzee alimgeukia mwanamke aliyekuwa pembeni yake. "Umeona?" alisema. "Hakuuliza walikuwa wangapi."

Nilitazama mlangoni. Yaya alikuwa amesimama pale na pakiti ya chumvi. Watu wa karibu walikuwa wamembana kwenye mkeka, kisha walipoona sare wakasogea. "Komanda, karibu, kaa," mmoja alisema, na akainuka kabisa kumpa kiti. Alisema kwa heshima ya kweli, bila dhihaka. Yaya alitikisa kichwa. Sijui kama alikuwa amesikia maneno ya mzee. Sijawahi kumuuliza.

Yaliyofuata nayakumbuka vizuri. Polisi aliwakuta wabaya jangwani, penye kisima cha zamani. Basi lilikuwa linaondoka. Alikamata mnyororo wa kisima, akauzungusha mkononi, akautupa ukanasa bampa ya nyuma, akavuta. Gari lenye watu hamsini likarudi nyuma. Magurudumu yakazunguka bure kwenye mchanga, yeye anavuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anawapiga. Watu waliruka juu. Vumbi la mpunga lilitujaa puani. Mzee alikuwa amesimama, mikono yake miwili juu, anapiga makofi, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na mimi nyuma yake nilikuwa nalia vilevile, mtu mzima, mwalimu, nikipiga kelele "Vuta! Vuta!" kwa sauti ambayo sikuitambua. Kwa dakika zile binti alikuwa anarudi. Nilimuona kabisa akishuka kwenye basi lile la Wahindi na kikwembe chake cha samaki.

Kisha jenereta ilizimwa, mikeka ikafunguliwa, mwanga ukatuingia machoni. Mzee alivaa kofia yake. Akatoka, akavuka uwanja wa soko taratibu, akarudi kuketi kwenye benchi la kituo.

Nilimkuta yaya nyuma ya nyumba. Alikuwa amevua shati la sare na anajifulia mwenyewe kwenye beseni, jambo ambalo wifi yangu hakulipenda, lakini siku hiyo alimwacha.

"Iliishaje?" aliuliza.

"Amewaokoa."

"Wote?"

"Wote."

Alikamua shati. "Sikuzote wote," alisema, akalianika.

Siku ya sita, saa za asubuhi, watatu walitokea kwenye kona ya barabara. Walikuwa wanatembea kwa kingo za nje za nyayo, miguu imevimba. Binti alikuwa wa katikati. Walikuwa wamevushwa Luama wakiwa wamebeba, na upande wa pili, mizigo ilipopokewa na watu wengine, wakaambiwa watoweke. Hakuna aliyewaokoa. Hawakuhitajika tena, basi. Kati ya wale sita, mmoja zaidi alirudi baada ya wiki mbili, hilo nililisikia kwa simu. Wawili hadi leo hatujui walipo.

Mzee alimuona mtoto wake, lakini hakuweza kusimama. Binti ndiye aliyekuja hadi benchini, akapiga magoti, na baba akamshika kichwa kwa mikono yote miwili akabaki hivyo. Yaya alileta maji kwenye kikombe cha bati. Alisimama nacho muda mrefu, kwa sababu hawakuwa wanamuona.

Baadaye alimwambia binti, kwa upole, kwamba ingefaa aeleze yaliyotokea ili yaandikwe.

"Naomba nilale," binti alisema.

Walipoondoka nilifikiri yameisha. Lakini alasiri mzee alirudi peke yake. Alisimama mbele ya meza palepale aliposimama siku ya kwanza.

"Komanda, naomba ile karatasi."

"Karatasi gani, baba?"

"Ile ya mwalimu. Mutoto amerudi. Sitaki jina lake libaki kwa watu. Na kovu lake, na nguo yake. Naomba unirudishie nichome."

Yaya alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Iko Wamaza, baba."

"Kwa nani?"

Yule polisi aliyeipeleka alikuwa ameikabidhi mlangoni kwa mtu aliyevaa sare, hakumuuliza jina. "Nitaitafuta," yaya alisema.

Mzee alikubali kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyokubali mtu anayejua kwamba haitatafutwa. Akaaga. Nasi tulibaki na ile meza kati yetu.

Niliondoka siku mbili baadaye. Shule ilipofunguliwa Kasongo, wiki za kwanza nilifundisha vibaya. Niliwasomea watoto imla, nikasikia sauti ya mzee ikinitajia vya kuandika.

Yaya aliomba uhamisho, na baada ya zaidi ya mwaka akaupata. Sasa yuko Kasongo, analinda mlango wa ofisi moja mjini, anafungua na kufunga geti. Jumapili anakuja na familia yake kula kwa Mama. Binti zangu wana filamu za Kihindi kwenye simu, na baada ya chakula wanajipanga ukutani kuzitazama, naye anaketi katikati yao. Anacheka panapochekesha. Wakimuuliza kama polisi wa kweli anaweza kuruka toka darajani hadi juu ya lori, anasema inategemea daraja.

Jumapili moja ya mvua tulikuwa tunachagua mchele barazani, mimi na yeye, ungo kati yetu. Hakuna aliyekuwa amezungumza juu ya kule. Akaanza tu.

"Nilikwenda, unajua."

"Wapi?"

"Kijito cha pili. Kesho yake, mchana, wewe na mke wangu mlikuwa mtoni mnafua. Nilichukua bunduki nikaenda peke yangu." Alitoa jiwe dogo, akalitupa uwanjani. "Mawese yalikuwa yamemwagika njiani. Nyayo zilionekana vizuri, zinaingia porini upande wa kushoto. Hata mtoto angeweza kuzifuata. Nikasimama pale."

Nami nikatoa jiwe jingine kwenye ungo.

"Nilisimama hadi miguu ikaniuma. Kisha nikarudi. Nilipofika kituoni mzee alinisalimia, akafikiri natoka kuoga."

Mvua ilikuwa imeongezeka juu ya bati, na ndani watoto walikuwa wameongeza sauti ya simu. Nilitaka kumwambia kwamba alifanya vizuri kurudi. Nilitaka pia kumuuliza angefanya nini kama angepiga hatua kumi zaidi. Mama alitoka akauliza kama mchele uko tayari, kwa kuwa maji yamechemka, na yaya akamwambia bado kidogo, akavuta ungo karibu na magoti yake.